Leso Tupu Juu ya Got Aluru

Nilipokuwa mtoto mkubwa wa kuona haya kubebwa, nilibebwa mchana kweupe kutoka juu ya mlima hadi langoni kwetu, miguu yangu mirefu ikining'inia huku na huku, watu wakisimamisha majembe kututazama. Aliyenibeba alikuwa Waya Akoth, dada ya baba yangu. Waya ndiyo shangazi kwa Kijaluo, na huyu wangu hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Mama. Nilikuwa nimepewa jina la mama yake mzazi, Awiti, aliyekufa kabla sijazaliwa, na kwa watu wa kwetu hilo lilitosha kunifanya mzazi wa mwanamke mzima. Nikinuna kwa sababu ya uji usio na sukari, Waya alisema, "Yawa, Mama amekasirika," na sukari ikapatikana. Cheo hicho nilikitumia vizuri sana.

Mlima wenyewe ni Got Aluru, yaani mlima wa kware, kule Seme, mbele kidogo ya Kombewa. Mtu aliyezoea milima ya kwenye kalenda atacheka akiuona. Lakini akifika juu atanyamaza, maana ghuba yote iko miguuni pake: kisiwa cha Ndere pale chini, mabati ya Kisumu yanang'aa mkono wa kushoto, na ng'ambo ya maji milima ya Homa imesimama rangi ya bluu. Siku hizi vijana wa pale wamechora alama nyeupe juu ya mawe na kila Jumamosi wanawapandisha watu kutoka mjini. Unapanda kwa upande wa mashamba, unavuka kilele, unashuka upande wa ziwa, kisha unauzunguka mlima kwa chini mpaka ulipoanzia. Mwezi uliopita walimu wenzangu walijiandikisha nami nikajiunga nao. Nilipoambiwa kwamba matembezi huanza na kuishia kwenye lango la boma moja lenye ua wa minyaa, ambapo mwenyewe huegesha magari ya wageni, nilicheka peke yangu. Boma hilo ni kwetu, na mwenyewe ni ndugu yangu mdogo.

Wale vijana wanaamini njia ile wameibuni wao. Sikuwabishia. Njia ile ilikuwepo kabla ya baba zao, ila haikuwa ya kupiga picha.

Zamani ilipitiwa na wanawake, tena kwa jambo moja tu. Binti wa kwetu akiolewa, akakaa kwa mumewe bila kupata mtoto, alirudi kwa baba yake kuuzunguka Got Aluru. Alijifunga leso mgongoni kama anayebeba mtoto, lakini ndani hamna kitu. Nyuma yake alifuatwa na mtoto wa kaka yake, akigonga mawe mawili madogo mikononi, ko, ko, ko, njia nzima. Ilisemwa kwamba mtoto anayetafutwa yuko huko mlimani, na akisikia mwenzake anafuata kwa furaha, naye atafuata, ataingia kwenye leso bila mtu kuona. Mwanamke alitakiwa kutoka langoni alfajiri na kurudi kwenye lango lilelile kabla ya jua kuzama, akiwa ameukamilisha mlima. Asirudi nyuma hata hatua moja. Asigeuke kutazama. Leso isifunguliwe mpaka amevuka lango. Na mlima ulizungukwa mara moja tu katika maisha ya mtu.

Waya Akoth alikuwa ameolewa Asembo. Nilikuwa chini ya meza jikoni nikila nyoyo, mahindi na maharagwe ya jana, nilipomsikia akimweleza mama yangu. Wakwe zake walikuwa wamesema mtama ukishavunwa wataleta mwanamke mwingine. Kuletewa mwenzio halikuwa jambo geni kwetu, babu yangu mwenyewe alikuwa na wake wawili. Lakini wa kwanza asiye na mtoto, mwenzake akija na kuzaa, hugeuka mgeni katika jiko lake mwenyewe.

"Nikirudi hivi hivi, ile nyumba si yangu tena," Waya alisema.

"Si uende kuombewa?" mama yangu akauliza.

"Nimeombewa mpaka magoti yameisha."

"Na hospitali?"

"Nilienda. Daktari aliniangalia, akasema mimi niko sawa, nilete mzee wangu. Mzee akasema yeye si mgonjwa."

 Mama yangu akakubali kunitoa niende naye. Mpaka leo sijui kama alikubali kwa imani au kwa huruma, na sasa ni mzee mno wa kuulizwa maswali ya namna hiyo.

Aliyesimamia mambo yote alikuwa Dani, yaani bibi, Nyar Alego, mke mdogo wa marehemu babu. Kama wanawake wengi walioolewa kwetu, aliitwa kwa jina la alikotoka, binti wa Alego. Jumapili alivaa kanzu nyeupe ya kanisa lake na kuimba kwa sauti ya juu kuliko wote. Jumatatu alikuwa tayari kukueleza ndege gani akilia upande gani usiende safari. Imani zake mbili zilikaa pamoja kwa amani bila moja kuiuliza nyingine swali. Alikuwa na ugoro shavuni na maneno makali mdomoni, na watoto tulimwogopa kidogo na kumpenda zaidi.

Jioni ya kabla ya siku hiyo alituita nyumbani kwake, akachagua mawe mawili kutoka kwenye sufuria kuukuu na kunipa.

"Ukiacha kugonga nitakupasua masikio," aliniambia. Kisha akamgeukia Waya, na sasa hakuwa anatania. "Akoth, kupanda kila mtu hupanda. Watu hushindwa upande wa ziwa. Ukianza kushuka, utasikia kitu nyuma yako. Mlima unakujaribu. Utasikia labda mtu anakuita, labda mtu analia. Chochote utakachosikia, usigeuke. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Usigeuke."

Nilitetemeka kwa raha, kama watoto wanavyotetemeka wakisimuliwa mambo ya kutisha wakiwa wamekaa karibu na mtu mzima. Sikujua kwamba maneno yale yalikuwa yananihusu.

Tuliondoka umande ukiwa bado kwenye majani. Waya mbele, mimi nyuma. Leso yake ilikuwa nyekundu yenye maua meupe, mpya kabisa, aliinunua soko la Kibuye kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa ameifunga vizuri kifuani, na pale mgongoni iliachia mfuko uliolegea, mahali pa mtoto. Nilipanda nikiutazama mfuko huo. Nilitegemea kuona unavimba.

Sijawahi kumwona mtu na furaha kama Waya Akoth alivyokuwa asubuhi ile. Alitembea haraka kupita mihogo ya majirani, kupita mkonge wa mpakani, akaingia kwenye vichaka vya nyabend ambavyo matunda yake meusi tulikula mpaka ndimi zikawa kama wino. Aliongea njia nzima bila kugeuza shingo. Alinieleza jinsi alivyokuwa mwoga wa nyoka alipokuwa mdogo, jinsi baba yangu alivyojificha juu ya mlima huo siku ya kutahiniwa shuleni, na jinsi atakavyopanga chumba chake Asembo, kitanda kitakaa upande gani ili mtoto asipigwe na upepo wa ziwa. Mimi niligonga mawe. Nilipochoka mkono mmoja, nilibadilisha.

"Mama, uko?"

"Niko, Waya."

"Usichoke, Mama yangu. Tukifika juu utakula."

Tulifika juu jua likiwa limepanda vizuri. Tulikaa kwenye jiwe pana, yeye akitazama ziwa, mimi nikitazama mgongo wake, maana hakuruhusiwa kunigeukia hata kula. Alinipitishia nyoyo kwa mkono wa nyuma. Alininyooshea kidole Ndere, akaninyooshea Homa, akaninyooshea mahali ambapo Kisumu ilikuwa inawaka jua kwenye mabati, akasema siku moja nitasoma huko na kuvaa viatu vyenye kelele. Kisha akasimama, na nilimwona akianza kuyumba taratibu, kushoto na kulia, mkono wake mmoja ukiwa umekwenda nyuma kuupigapiga mfuko wa leso kwa chini, vile akina mama hufanya mtoto akianza kusinzia. Sikuona jambo la ajabu. Nilinyamazisha mawe kidogo ili asiamke.



Tukaanza kushuka upande wa ziwa. Nyasi za upande ule zilikuwa ndefu, na njia ilipita kando ya mawe makubwa yaliyopasuka katikati. Nilikuwa nyuma yake kidogo, ko, ko, ko, nikitazama chini nisijikwae. Kware akaruka. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga karibu na kware hawezi kujua. Ndege mdogo namna ile huondoka mguuni mwako kwa kishindo kama mtu amepasua mfuko wa karatasi sikioni. Niliruka pembeni. Mguu ukatua juu ya jiwe lililolegea, jiwe likaondoka, nami nikaenda nalo. Nilipoacha kuteleza, mguu wangu wa kulia ulikuwa umeingia kwenye ufa kati ya mawe mawili mpaka karibu na goti, na muundi ulikuwa umepasuka. Niliona kitu cheupe ndani ya nyama kabla damu haijakifunika.

Mawe ya Dani sikujua yalikokwenda.

Waya alisimama. Alikuwa chini yangu kwenye njia, amenipa mgongo.

"Mama," alisema. "Gonga mawe."

Nililia.

"Mama, gonga mawe!"

Nilitaka kumwambia sina mawe, lakini kilio kilinizidi. Naye hakugeuka. Nikaelewa kwa nini. Nilikuwa mtoto, lakini jana yake nilikuwa nimekaa kwa Dani na kuyasikia yote. Waya alikuwa anasikia kitu kinalia nyuma yake, upande wa ziwa, kama alivyoambiwa atasikia. Kwake mimi sikuwa mimi tena. Nilikuwa mlima.

"Waya, ni mimi!" nilipiga kelele. "Si mlima! Ni mimi, ni Awiti!"

Mgongo haukusogea. Upepo wa ziwa ulikuwa unapanda, ukaingia kwenye leso, na ule mfuko mtupu ukavimba, ukajaa, ukawa kama kweli kuna kitu ndani. Niliuona, naye nadhani aliusikia ukimvuta mabegani. Alibaki amesimama vilevile, mikono yake miwili imeshika fundo la leso kifuani. Sijui alisimama muda gani. Kwa mtoto mwenye mguu kwenye ufa wa jiwe, ulikuwa muda mrefu sana. Nililia mpaka sauti ikawa nyembamba, na wakati fulani niliamini kabisa kwamba ataondoka aendelee kushuka.

Kisha akageuka.

Uso wake siwezi kuuandika. Alipanda kuja kwangu akikanyaga palepale alipokwisha kukanyaga, akautoa mguu wangu, akaufunga na kitambaa cha kichwa chake.  Alifungua leso. Alinipakia mgongoni, akanifunga nayo, akanivuta juu kama mtoto mchanga, mimi msichana wa miguu mirefu hivyo, akaanza kurudi kwa njia tuliyojia. Niliweka shavu mgongoni mwake. Mgongo ulikuwa unatikisika, na nilidhani anahema kwa sababu mimi ni mzito.

Dani Nyar Alego alikuwa amekaa langoni akitusubiri, kiti chake kimeelekezwa upande wa ziwa, tulikopaswa kutokea. Aliposikia hatua zetu zinatoka upande wa mashamba alisimama. Alitazama leso, akanitazama mimi ndani yake, akatema ugoro.

"Umegeuka," alisema.

"Nimegeuka, Mama."

"Haya. Mlete hapa."

Alinisafisha kwa maji ya chumvi huku akinitukana taratibu, na siku ile matusi yake yalikuwa laini kuliko maombi ya mchungaji. Hakumlaumu Waya mbele yangu. Nilishonwa kesho yake, na kovu ninalo, limekaa kwenye muundi wangu kama kijiko kidogo. Mama yangu alipoliona jeraha alisema kwa sauti ambayo kijiji kizima kilisikia kwamba watoto wake si wa kupelekwa milimani. Hakuwa na haja ya kusema. Mlima hauzungukwi mara mbili, na Waya alijua.

Mtama ulivunwa. Mwanamke mwingine akaletwa Asembo.

Waya alivumilia kidogo, kisha akaondoka. Kwa mila zetu binti aliyekwisha kuolewa harudi kukaa ndani ya boma la baba yake kama hakuna kilichotokea. Anakuja, anakula, analala usiku mmoja, lakini mahali pake hapapo tena. Kwa hiyo alipanga chumba Manyatta, mjini Kisumu, na kufungua meza ya mitumba pale Kibuye. Aliuza nguo za watoto tu. Sweta, soksi, kofia za kufuma, fulana ndogo zenye picha za dubu. Nilipokuja kusoma mjini, kama alivyosema, nilishinda kwake kila wikendi. Alikuwa akiinua fulana juu dhidi ya mwanga kutafuta matobo, kisha anaikunja kwa namna ya kuiheshimu. "Mama, shikilia hii," aliniambia mbele ya wateja, nao walitutazama wakishindwa kujua nani amemzaa nani.

Kuhusu mlima hatukuongea. Mara moja moja alinitazama muundi nilipovaa sketi, akatazama kando.

Nilikuwa nimeshaanza kufundisha wakati mwanamke mmoja kutoka Asembo alipofika kwenye meza. Alikuwa ananunua sweta ya mjukuu, akavutana bei na Waya kidogo, kisha akamkazia macho.

"Wewe si Nyar Seme? Si ulikuwa kwa nani hii, kwa mzee wa kule kando ya beach?"

"Nilikuwa huko."

"Ngai! Na kwani ulisikia? Yule mama waliletea mzee, hata yeye hakuzaa. Alikaa, alikaa, wapi. Akatoroka akaolewa huko Uyoma, sasa ako na watoto watatu. Shida ilikuwa ya mzee, wacha nikwambie. Sasa kila mtu anajua."

Waya alimpa sweta na kumrudishia chenji. Mwanamke alipoondoka nilimkumbatia shangazi yangu palepale kati ya soko. Nilifurahi kwa namna ninayoona aibu kuieleza sasa. Nilikuwa nimebeba lile jambo miaka yote, kwamba aligeuka kwa ajili yangu na akapoteza, na leo mtu asiyetujua alikuwa amekuja na kuutua mzigo wote chini kwa bei ya sweta.

"Umesikia, Waya? Haikuwa kugeuka! Hata ungemaliza mlima wote, hakukuwa na mtoto! Si wewe, si mimi. Hakukuwa na mtoto pale!"

Alikaa kwenye kreti lake. Alichukua soksi moja akaanza kutafuta mwenzake kwenye rundo, na alipompata akazikunja pamoja, akazishika.

"Hata mimi nilifikiria hiyo kitu, kitambo," alisema. "Daktari aliniambia niko sawa. Mimi si mjinga, Mama."

"Sasa mbona husikii raha?"

"Ulikuwa unalia," alisema. "Ukasema ni wewe. Nilisikia sauti yako, nikajua ni wewe, hata sikudanganyika kwamba ni mlima. Na bado nilisimama. Nilisimama kwa sababu nilikuwa na watoto wawili pale, mmoja nyuma na mmoja kwa leso, na sikujua nichukue nani. Hiyo naweza kujisamehe. Mama yeyote angesimama." Alizitazama soksi. "Lakini wewe unaniambia hakukuwa na mtoto mwingine. Sasa kama hakukuwa na mtoto mwingine, mimi nilikuacha ukilia kwa sababu gani?"

 Nilikuwa mwalimu, nililipwa kujibu maswali, na nilisimama pale katikati ya kelele za Kibuye kama mtoto aliyesahau somo. Mteja akaja kuuliza kofia. Waya akainuka kumhudumia, na sauti yake ikawa ile ya kila siku.

Nililipata jibu baadaye sana, kwa vipande, usiku nikiwa nasahihisha madaftari au njiani nikienda kazini. Ningemwambia kwamba ulikuwepo mtoto. Niliuona mfuko wa leso ukijaa, kwa macho yangu, na upepo ni jina tu ambalo watu wameliwekea jambo hilo. Ningemwambia kwamba kusimama kwake hakukunipunguzia kitu, kwamba yule aliyegeuka ndiye ninayemkumbuka. Lakini nilikuwa na shule, ndoa, watoto wangu mwenyewe waliomwita Dani naye akawavalisha kutoka kwenye meza yake. Ni maneno ambayo ungesema ukiwa umekaa na mtu jioni bila haraka, na jioni ya namna hiyo sikuitafuta. Presha ilimchukua ghafla, msimu wa mvua.

Alizikwa kwetu, na alizikwa kwa mila. Binti aliyeolewa akaachika hazikwi ndani ya boma la baba yake. Kaburi lake lilichimbwa nje ya ua wa minyaa, upande wa ziwa, karibu na lango, palepale ambapo njia ya mlima inaishia. Wazee walijadiliana wakakubaliana, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Chini ya hema, msoma wasifu aliyetoka kanisani alisoma karatasi yake vizuri. Alisoma alikozaliwa, alikoolewa, biashara yake, ukarimu wake. Kisha akasoma: marehemu hakujaliwa mtoto. Watu wakaguna kwa huruma. Nami nilikuwa kwenye viti vya mbele, mguu mmoja juu ya mwingine, kovu langu likionekana na kila mtu, na nikaguna pamoja nao.

Basi mwezi uliopita nilipanda Got Aluru na walimu. Kiongozi wetu alikuwa kijana mmoja aitwaye Oti, mchangamfu, mwenye kofia ya rangi ya machungwa na utani kwa kila mtu. Kileleni alitupanga mgongo kwa ziwa.

"Madam, sogea hapo kidogo, Homa itoke nyuma yako. Hapo! Hapo picha inaweza."

Nilisogea, nikatabasamu. Picha ninayo, nimetoka vizuri. Tulipoanza kushuka upande wa ziwa nilibaki nyuma nikitafuta lile jiwe lenye ufa. Yalikuwepo mengi, na yote yalifanana. Mahali fulani kati yake nilipita pale aliposimama Waya, bila kujua ni hatua ipi, na kuanzia hapo nikawa naiona sehemu ya njia ambayo yeye hakuwahi kuifikia.

Nilitamani iwe ngumu. Nilitamani majabali, miiba, mteremko wa kuvunja shingo, kitu ambacho kingeniambia kwamba hata hivyo asingeweza. Ilikuwa rahisi. Njia ililala kwenye nyasi fupi, ikapita palipoanikwa dagaa wa omena kwenye nyavu, ikapinda taratibu chini ya mlima huku maji yakiwa yanaonekana muda wote. Walimu waliimba. Mtoto mdogo angeitembea bila viatu. Nililia njia nzima nyuma ya miwani ya jua, na aliyeniona akadhani ni jasho.

Kisha ukaonekana ua wa minyaa, na lango, ambalo sasa ni la chuma, na kabla ya lango, kaburi. Wenzangu walipita kando yake wakiongea juu ya chakula. Oti alinisubiri kwa sababu nilikuwa wa mwisho.

"Loop inaishia kwa gate, madam. Umebakisha kidogo tu."

Nilisimama kwenye kaburi. Saruji ilikuwa imeota nyasi pembeni, nikainama nikang'oa.

"Unajua huyu?" Oti aliuliza, na sauti yake ikashuka kwa heshima. "Sisi hukuta tu hii kaburi hapa nje. Nani huyo?"

"Akoth. Binti wa hili boma."

"Pole, madam. Aliacha watoto?"

Nyuma ya ua niliwasikia walimu wakicheka, na sahani zikigongana.

"Ndiyo," nilisema. "Mmoja."

Alitikisa kichwa, akaniacha nimalize kung'oa nyasi. Jibu lilikuwa sahihi, ila swali lilikuwa limeulizwa siku nyingine, chini ya hema, mbele ya watu wote, na hema lile lilikwisha kukunjwa zamani na viti vikarudishwa kwa wenyewe.